Mwanangu, hiyo mada usiiache

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeisoma kwenye basi nikienda kazini na nikairudia tena nikirudi. Unauliza ubadilishe mada ya tasnifu au uendelee, maana supavaiza wako kasema kuwachunguza polisi na watu weusi wa hapa South Side, upande wa kusini wa Chicago, ni jambo lililo karibu mno na wewe. Afu unauliza kama unaweza kunihoji kuhusu ule usiku polisi walipomsimamisha baba yako.

Usibadilishe. Chuo Kikuu cha Chicago hapo hapo kilikuwa na Allison Davis, mwanaanthropolojia mweusi. Mwaka 1933 Davis alihamia Natchez, Mississippi, yeye na mkewe Elizabeth, wakae na watu na kuuchunguza ubaguzi kwa macho yao, kipindi ambacho mtu mweusi kule akiuawa na kundi la wazungu hakuna anayeulizwa. Wenzao kwenye utafiti walikuwa wazungu, Burleigh Gardner na mkewe Mary. Kazi ni moja ila kutembeleana hawawezi, mweusi akaribishwe sebuleni kwa mzungu kama mgeni, Mississippi ile, nani angewaacha salama? Basi Davis na Gardner wakitaka kuongea wanaingia kwenye gari, wanazunguka barabara za mashambani huko wanalinganisha waliyosikia, huyu kwa weusi, huyu kwa wazungu. Hilo gari nalifikiria sana. Na Gardner naye alikuwa anawachunguza wazungu wenzake, sa mbona yeye hakuambiwa yuko karibu mno?

Kitabu chao cha utafiti huo kilitoka 1941, mwaka uliofuata Davis akaajiriwa pale chuoni, na hata hapo ikabidi mfuko wa hisani wa Rosenwald uchangie mshahara wake ndo wakamkubali, na klabu ya maprofesa miaka ya mwanzo hakuruhusiwa kuingia. Aliendelea tu na kazi, akaja kuonyesha kwamba ile mitihani ya kupima akili ya watoto inawabeba wa familia zenye uwezo. Kijana aliyewasaidia Natchez, St. Clair Drake, akaja kuuandika Bronzeville, mtaa wa weusi wa Chicago, pamoja na Horace Cayton, kitabu kikatoka 1945, yaani mitaa hii hii unayopita wewe ukija kwangu.

Ninachokuogopea ni kukaa na mambo haya peke yako. Ukishasikia simulizi kumi za watu waliopigwa utalala vipi? Davis alikuwa na Elizabeth, wanafanya kazi pamoja wanarudi nyumbani pamoja. Na wewe tafuta mtu wako, tena kabla hujaanza kuhoji.

Kunihoji njoo Jumapili nikitoka kanisani. Baba yako nimemuuliza, kasema sawa ila jina lake lisitokee. Ila kuna kitu hata yeye hakijui. Polisi walivyomkalisha pale ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, na sare yake ya kazini anatoka shifti ya usiku, mimi nilikuwa dirishani nimekubeba. Nikazima taa wasinione. Sikushuka, nikasimama gizani mpaka walipomwachia, akapanda ngazi akanikuta kitandani najifanya nimelala.

Hapo ndo uanzie kuniuliza. Yeye nitamwambia mwenyewe kabla hujaja.

Mama