Bata mzinga wa ratili 16, na kwa nini usimkaange gerejini

Mkuu, umesema bata mzinga wako ana ratili 16, bado yuko friza, umeazima jiko la gesi na sufuria lake refu, utabiri wa Alhamisi, Siku ya Shukrani, ni mvua, na unafikiria kumkaangia gerejini mlango ukiwa wazi. Halafu ukauliza kama kumbanika kwa moshi si nafuu. Nina miaka kumi na moja hapa Houston, na kila Sikukuu ya Shukrani kazi ya bata mzinga huwa yangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Gerejini hapana. Mlango uwe wazi au umefungwa, hapana. Baraza ya mbao nyuma ya nyumba pia hapana.

Mwaka wangu wa pili hapa, mimi na shemeji yangu tulijaza mafuta kwa kukadiria macho, tukayachemsha, tukamtumbukiza bata na moto ukiwaka. Mafuta yalipanda, yakafurika, yakateremka ubavuni mwa sufuria hadi kwenye moto. Ndani ya sekunde chache miali ilishafika juu ya vichwa vyetu. Shemeji alikimbilia mpira wa maji. Jirani yetu, mzee wa Louisiana ambaye watu wa kwao wamekaanga bata mzinga miaka mingi, alimzuia kwa kelele, akafunga gesi kwenye mtungi, kisha akaleta kizima moto cha unga. Maji yangemwagwa pale, mafuta yanayowaka yangeruka mpaka kwa watoto waliokuwa wamesimama ngazini wakitazama. Bado naiona sura ya binti yangu siku ile. Tulikuwa nje, kwenye zege, mbali na ukuta. Ingekuwa gerejini, nyumba ingeondoka.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha kipimo cha maji, na sijawahi kukiruka tangu siku hiyo. Kabla ya kumtia viungo, mweke bata akiwa bado kwenye mfuko wake ndani ya sufuria tupu, mimina maji mpaka yamfunike kwa inchi moja hivi, mtoe, uweke alama pale maji yalipobaki. Hapo ndipo mafuta yaishie. Kama alama iko karibu na mdomo wa sufuria, bata huyo ni mkubwa mno kwa sufuria hilo, mpike kwa njia nyingine. Kisha kausha sufuria mpaka lisibaki hata tone.

Hilo la tone nalisisitiza kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Kipande cha barafu kilichojificha tumboni mwa bata kikikutana na mafuta ya moto, mafuta yote yanarushwa nje. Na hapa sisi tuna kosa letu: tumelelewa kuosha kuku kwa maji na ndimu, na bata mzinga tunamfanyia hivyo hivyo kwenye sinki. Maji yale yanabaki tumboni na chini ya ngozi, na yanaporuka hutawanya vimelea kama salmonela kwenye sinki, kachumbari na vyombo vilivyo karibu. Usimwoshe. Toa shingo na maini yaliyofichwa tumboni, toa na plastiki zote, mfute kwa karatasi za jikoni ndani na nje mpaka karatasi itoke kavu. Ndimu mpake pamoja na viungo kama utambanika. Kwa kukaanga, viungo vikavu vinatosha.

Kuyeyusha barafu kunahitaji siku. Kwenye friji ni saa 24 kwa kila ratili 4 au 5, kwa hiyo wako anataka siku nne. Leo ni Jumapili. Mtoe friza usiku huu huu, mweke kwenye sinia rafu ya chini kabisa. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa amefungwa vizuri, dakika 30 kwa kila ratili, maji ukiyabadilisha kila nusu saa, na akishayeyuka apikwe hapo hapo. Usimwache juu ya meza usiku kucha. Nje anakuwa ameshapata joto la kuzalisha bakteria, ndani bado ni jiwe.

Sasa ushauri wangu: ratili 16 usimkaange mzima. Mimi sivuki 12. Shirika la kinga ya moto la Marekani, NFPA, halishauri kabisa kutumia majiko haya ya gesi ya kukaangia bata mzinga, na Siku ya Shukrani ndiyo inayoongoza mwaka mzima kwa mioto ya mapishi majumbani. Ninaendelea kukaanga, lakini kwa masharti: futi 10 kutoka nyumbani, ardhi tambarare, watoto ndani, glavu ndefu, kipimajoto cha mafuta muda wote. Mafuta ya karanga (waulize wageni kama kuna anayedhurika na karanga) yakifika nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani 177 za Selsiasi, ninazima gesi, ninamshusha bata polepole, mafuta yakitulia ndipo ninawasha tena. Dakika 3 hadi 4 kwa kila ratili. Siondoki hata kwenda kuchukua chumvi, maana mengi ya majiko haya hayajizimi yenyewe na mafuta yanaweza kupanda joto mpaka yakashika moto. Mvua ikianza, siwashi.

Wako mbanike kwa moshi. Mpasue mgongo umlaze bapa kama kuku wa kubanika tunavyomfanya. Hapo muda unapungua karibu nusu. Mzima, kwenye nyuzi 250 za Farenhaiti, ratili moja huchukua kama nusu saa, na bata mkubwa hukaa kwenye uvuguvugu muda mrefu mno. Tumia mti wa hikori au mtofaa, usitumie msonobari wala mbao za ujenzi. Jiko la mkaa nalo likae nje, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa inaua bila harufu.

Upike kwa njia yoyote, choma kipimajoto kwenye sehemu nene ya kifua na kwenye paja bila kugusa mfupa. Nyuzi 165, sawa na 74 za Selsiasi, ndipo ameiva. Wa moshi atabaki na rangi ya waridi chini ya ngozi, na mama mkwe wangu mwaka wa kwanza alikataa kula akisema ni mbichi. Nilimwonyesha kipimajoto. Ule waridi unatokana na moshi wenyewe.

Mafuta ukiishia kukaanga kadogo, yaache yapoe kabisa kabla ya kuyahamisha, ikibidi hata mpaka kesho yake, yachuje kwa kitambaa uyahifadhi kwenye friji. Usiyamwage kwenye sinki, yanaganda ndani ya bomba. Ukikwama Alhamisi asubuhi andika hapa hapa, nitakuwa macho mapema.