Ukipangiwa Kiruna, uliza kwanza: ni kilomita ngapi?

Mswahili hufika Kiruna kwa njia tatu: kazi, ndoa, au barua ya Migrationsverket, mamlaka ya uhamiaji ya Uswidi. Tangu Machi 2016 sheria ya Uswidi inailazimu kila manispaa kupokea wageni wenye kibali kwa idadi iliyopangiwa, kwa hiyo familia iliyotoka kambini inaweza kujikuta juu kabisa ya ramani, kaskazini mwa mstari wa Aktiki. Yafuatayo ni ya mtu ambaye tayari anajua anakwenda huko.

Kwa eneo, hakuna manispaa inayoizidi Kiruna nchini Uswidi. Ina takriban kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, na wakazi wasiofika 23,000. Wengi wao wanaishi mjini. Waliobaki wametawanyika katika vijiji, na hapo ndipo mgeni hukosea: anaambiwa "nyumba ipo Kiruna", kumbe ipo Karesuando, kilomita 180 kutoka mjini, mpakani na Finland. Vittangi ni kilomita 70 na kitu, Abisko zaidi ya 90, Jukkasjärvi 17 tu. Kabla ya kusaini chochote, uliza jina la kijiji, kisha uliza basi hupita mara ngapi kwa siku na kama hupita Jumapili. Bila gari, jibu la swali hilo litaamua kama unaweza kusoma au kufanya kazi.

Jambo la pili ni kwamba mji wenyewe unahama, kwa maana halisi kabisa. Kampuni ya serikali ya LKAB inachimba chuma chini yake. Bamba la madini lina urefu wa kilomita nne hivi na limelala kwa mshazari, likishuka kuelekea upande wa mji. Wakilitoa, mwamba ulio juu yake huporomoka, na nyufa zinasogea mwaka hadi mwaka. Tangazo la kuhama lilitolewa 2004. Jumba jipya la manispaa, Kristallen, lilifunguliwa 2018, na kitovu kipya cha mji, kilomita tatu mashariki mwa kile cha zamani, kikazinduliwa Septemba 2022. Kanisa la mbao la 1912, lenye uzito wa tani 672, lilibebwa zima juu ya magari maalumu tarehe 19 na 20 Agosti 2025. Siku chache baadaye LKAB ikatangaza kuwa watu wengine wapatao 6,000 nao watalazimika kuhama katika miaka ijayo.

Kwa mpangaji hii ina maana mbili. Ya kwanza, usiamini ramani wala picha za kabla ya 2022; duka, benki au ofisi unayoitafuta huenda ilishabomolewa. Stesheni ya treni nayo iko mbali na kitovu hicho kipya, hivyo panga usafiri wa kutoka hapo kabla ya kufika na mizigo. Ya pili, ukipewa nyumba ya bei nafuu katika mji wa zamani, uliza kama jengo limo katika eneo la kubomolewa na kama mkataba ni wa muda. Mkataba wa namna hiyo mara nyingi hukutaka uache haki ya kuendelea kuishi pale muda ukiisha. Si ulaghai, ila ujue unachosaini. Kampuni ya nyumba ya manispaa inaitwa Kirunabostäder: jiandikishe kwenye foleni yake mapema iwezekanavyo. Anayekuuzia mkataba wa kupanga mkimbie. Tangu Oktoba 2019 hata mnunuzi anatenda kosa la jinai. Na ukisikia kitanda kinatikisika mnamo saa saba na nusu usiku, ni baruti za mgodini. Utazoea.

Uandikishaji ndio mlango wa kila kitu. Aliyepanga kukaa mwaka mmoja au zaidi anakwenda mwenyewe na pasipoti, kibali cha ukaazi na vyeti vya ndoa na vya watoto, anaandikishwa na Skatteverket, mamlaka ya kodi, na kupata namba ya utambulisho. Hapo ndipo kitambulisho, akaunti ya benki na BankID (kitambulisho cha kidijitali) vinafuata, kwa mpangilio huo. Ukihama nyumba baadaye, toa taarifa ndani ya wiki moja, la sivyo barua zako, pamoja na za madeni, zitakwenda kwa mtu mwingine.

Ujue pia nani anahusika na nini, maana kwenda dirisha lisilo lako hula siku nzima. Manispaa ina shule, chekechea, ustawi wa jamii, huduma za wazee, maji, taka na masomo ya Kiswidi kwa wageni, yaani SFI. Masomo hayo ni bure na unapaswa kuanzishwa ndani ya miezi mitatu. Nafasi ya chekechea iombe miezi minne kabla, kwa kuwa huo ndio muda ambao manispaa inapewa kukupatia.

Matibabu si ya manispaa, ni ya Region Norrbotten, yaani serikali ya mkoa. Simu ya ushauri ni 1177, ya dharura ni 112. Kiruna ina hospitali, lakini wodi ya kuzalia iko mji wa Gällivare, kilomita 120 hivi. Mjamzito azungumze na mkunga wake mapema kuhusu dalili zipi za kuanzia safari, apige simu kabla ya kuondoka, na gari liwe na tangi lililojaa na mablanketi. Mtoto chini ya miaka miwili hupewa matone matano ya vitamini D kila siku. Mtu mzima mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika aulize kituo cha afya kuhusu vidonge, kwa sababu mwezi wa Desemba jua halichomozi kabisa kwa wiki tatu hivi. Mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai halizami, na hapo unahitaji mapazia mazito kuliko dawa ya usingizi.

Leseni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo haibadilishwi kuwa ya Uswidi. Inatumika mwaka mmoja tu, na mwaka huo unahesabiwa tangu siku ya kuandikishwa. Anza mara moja: kibali cha Transportstyrelsen (mamlaka ya usafiri) chenye kipimo cha macho, mafunzo mawili kuhusu hatari za uendeshaji, mtihani wa nadharia (52 kati ya 65 ndiyo alama ya kufaulu), kisha wa barabarani. Inafaa kuwekeza hapo, maana kazi za kuwahudumia wazee majumbani mara nyingi hudai leseni.

Gari lenyewe nalo lina adabu zake. Matairi ya baridi ni lazima tangu 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na theluji au barafu. Chukua yenye misumari. Hita ya injini ichomekwe saa moja hadi mbili kabla ya safari, si usiku kucha. Usivute breki ya mkono ikiwa na majimaji, kwani itaganda. Acha gari kwenye gia. Gari la dizeli lililojazwa kusini wakati wa kiangazi likipelekwa kaskazini na baridi, mafuta huganda kama nta na kuziba filta. Ukigonga reindia, kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, piga 112 na uweke alama mahali hapo, hata kama mnyama amekimbia. Kuondoka kimya ni kosa.

Nguo sitasema mengi: sufu ndani, pamba uiache nyumbani kwa sababu hushika jasho na kukupoza, buti kubwa kidogo ili soksi mbili zisibane.

Watoto wana haki ya kufundishwa lugha ya mama shuleni. Kisami, Kifini na Meänkieli (lugha ya huku kaskazini iliyo karibu na Kifini) zinalindwa na sheria, hivyo mwanafunzi mmoja anatosha. Kiswahili kinahitaji wanafunzi watano katika manispaa nzima na mwalimu anayefaa. Zungumzeni na familia nyingine, za Kongo, Burundi au kwingineko, kila mzazi apeleke fomu yake, na mwalimu asipopatikana mjini ombeni somo kwa njia ya mbali, sheria inaliruhusu.