Kiebrania kwa mizizi: niliyojifunza shambani Arava

Wadogo zangu mnaofika Arava, kusini mwa Israeli, kwa mafunzo ya kilimo, najua daftari mmeshanunua. Nami nililinunua wiki ya kwanza. Kushoto Kiebrania, kulia Kiswahili, maneno 20 kila jioni nikitoka kuchuma pilipili hoho. Wiki ikiisha nimebaki na machache tu kichwani. Kilichonitoa hapo ni ubao wa zamu.

Juu ya ubao ule paliandikwa mishmeret, yaani zamu. Mlinzi wa getini aliitwa shomer. Jikoni vyakula vya kopo viliitwa shimurim, na kibao cha barabarani kilituonyesha shmurat teva, hifadhi ya asili. Kila neno nilikuwa nimeliandika ukurasa wake, mbali na mwenzake. Siku moja msimamizi wetu, mzee mvumilivu sana, alichukua kalamu yangu akapigia mstari herufi tatu katika kila neno: shin, mem, resh. “Lishmor,” akasema, akikumbatia kreti tupu kifuani. Kulinda, kutunza, kuhifadhi. Maneno manne yakawa ukoo mmoja, na sijayasahau hadi leo.

Huo ndio mzizi. Vitenzi vya Kiebrania, na majina mengi, husimama juu ya konsonanti, kwa kawaida tatu. Irabu na viambishi huzizunguka na kuleta maana mpya. Kwetu si jambo geni: soma, somo, msomi, somesha.

Tena sisi tunafika na mtaji ambao wenzetu wengi darasani hawana. Kiarabu kimetuachia maneno tele, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, zote lugha za Kisemiti. Hebu hesabu makumi kwa sauti: ishirini ni esrim, thelathini shloshim, arobaini arbaim, hamsini hamishim, sitini shishim, sabini shivim, themanini shmonim, tisini tishim. Mia ni mea, elfu ni elef. Damu ni dam, nafsi ni nefesh. Karibu ni karov, na jamaa zako ni krovim, walio karibu. Alhamisi ni yom hamishi, siku ya tano. Zoeeni pia kusikia s yetu ikigeuka sh: salamu na shalom, saba na sheva, hesabu na heshbon.

Hilo la mwisho lipeni ukurasa wake. Heshbon ni hesabu, na ndiyo bili utakayoomba mgahawani. Lahshov ni kufikiri, mahshava ni wazo, mahshev ni kompyuta, hashuv ni muhimu. Herufi tatu zilezile: het, shin, bet.

Mizizi ikishafika kumi hivi, anzeni kusikiliza maumbo, yaani mpangilio wa irabu na viambishi juu ya mzizi, kwa kuwa yanafanya kazi inayokaribia ya ngeli zetu. Hili hapa hutaja magonjwa: Sukar ni sukari, sukeret ni kisukari. Kelev ni mbwa, kalevet ni kichaa cha mbwa. Tsahov ni rangi ya njano, tsahevet ni ugonjwa wa manjano. Nilimsindikiza mwenzangu zahanati, daktari akatamka sukeret, nami nikaelewa kabla hajafafanua. Lakini msiliamini umbo peke yake: rakevet ina mlio huohuo, nayo ni treni.

Mzizi nao unaweza kukupoteza. Nilishajua sefer ni kitabu na sifriya ni maktaba, zote kwa samekh, pe, resh. Mjini nikaona kibao chenye herufi hizo, mem mbele na he mwisho. Maandishi ya kila siku hayaweki alama za irabu, nikajisomea “mahali pa vitabu”, nikaingia. Ndani kulikuwa na viti, vioo na mtu mwenye mkasi. Ilikuwa mispara, saluni. Sapar ni kinyozi na misparaim ni mkasi. Herufi zilezile, koo mbili tofauti. Kwa hiyo mzizi ukikupa kisio, lihakiki kwenye kamusi kabla ya kuliandika.

Na andikeni kwa herufi zao tangu siku ya kwanza, hata kama mwandiko ni mbaya. Kwa herufi zetu, katav, aliandika, na mikhtav, barua, zinaonekana kuwa na k na kh, kumbe ni kaf ileile. Pe nayo husikika p au f, bet husikika b au v. Kuna pia mizizi inayomeza herufi: latet, kutoa, imetoka kwenye natan, alitoa, na nun (n) zote mbili zimepotea. Hiyo karirini tu, itakaa yenyewe kwa kutumika.

Maneno ya kuazima nilidhani hayana mzizi kabisa. Kumbe hata telefon wameiondoa irabu, wakabaki na konsonanti nne, wakaunda letalfen, kupiga simu. Mzee wangu wa pilipili kila nikisafiri huniambia: “Tetalfen elai.” Nipigie.