Kiungulia Kimerudi Baada ya Upasuaji: Je, Nikubali Kupasuliwa Tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 47, na kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Kiungulia kilianza kunisumbua nilipokuwa na mimba ya mwisho, nikameza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 nilipofanyiwa upasuaji wa matundu katika hospitali moja nje ya mkoa wetu. Nilielezwa kwamba sehemu ya juu ya tumbo imezungushwa kwenye umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni, ili tindikali isipande, na kwamba henia ya kiwambo niliyokuwa nayo, yaani tumbo kupenya kwenda kifuani, imeshonwa siku hiyo hiyo. Kwa takriban miaka miwili nililala usingizi niliokuwa nimeusahau. Kisha kiungulia kikarudi, kwanza nikiinama kukata kitambaa, baadaye hata usiku, ninaamka na maji machungu kooni, na tangu Pasaka iliyopita nyama na ugali vinakwama kifuani mpaka nisukumie kwa maji. Uzito wangu umepanda kutoka kilo 71 hadi 86. Hivi karibuni nilipimwa kwa mpira wenye kamera, nikaambiwa ile kazi imeachia na nipasuliwe tena. Nilipouliza kwa nini imeachia, sikupata jibu nililolielewa. Mume wangu hataki nirudi kwenye nusu kaputi. Je, upasuaji wa pili ni salama, na ukishindwa nao, nitakwenda wapi?
Fundi Cherehani, Moshi

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa usiku wote huo wa kuamka na maji machungu kooni. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika ni lile swali lako lililokosa jibu. Kwa nini imeachia? Nakusihi usitie saini fomu ya ridhaa kabla hujajibiwa swali hilo kwa maneno unayoyaelewa. Upasuaji wa pili wenyewe si kosa, na kwa baadhi ya wagonjwa ndio unaowarudishia usingizi. Kosa ni kurudia kazi bila kujua ya kwanza iliharibikia wapi. Mteja akikuletea gauni lililofumuka, huliweki kwenye cherehani kabla hujaligeuza ndani ukaona kama ni uzi uliokatika, ni kitambaa kilichochanika, au gauni lilimbana tangu siku ya kwanza.

Upasuaji wa aina hiyo aliuanzisha daktari wa upasuaji Rudolf Nissen, aliyeuandikia ripoti mwaka 1956, na tangu mwaka 1991 unafanyika kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo lote. Daktari huuvuta umio urudi chini tumboni, hulipunguza kwa nyuzi tundu la kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kisha huichukua sehemu ya juu ya tumbo la chakula, akaipitisha nyuma ya umio na kuishona mbele, ikakaa kama kola shingoni. Tumbo likijaa, kola hiyo huubana umio kwa chini na tindikali haipandi.

Njia inayoongoza kwa kuharibika kwa kazi hii ni tundu la kiwambo kupanuka tena, kola nzima ikapanda kifuani. Kila kikohozi kirefu, kila kutapika, kila ndoo inayobebwa, kila kujikaza chooni na kila kilo inayoongezeka kiunoni husukuma kutoka chini kwenda juu, na wewe umeongeza kilo 15. Sikulaumu, lakini siwezi kuliruka jambo hilo. Wakati mwingine tundu limebaki salama, ila nyuzi za kola yenyewe zimeachia. Kwa wengine kola imeteleza chini ikawa inalibana tumbo badala ya umio, au ilikazwa mno tangu mwanzo, na hapo chakula hukwama. Wako pia ambao umio wao umefupishwa na makovu ya miaka mingi ya kuungua, hivyo hata ukivutwa chini siku ya upasuaji, hujivuta wenyewe kurudi juu. Bingwa asiyelitambua hilo ataishona kola ya pili pale pale ilipong'oka ya kwanza.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi inavyostahili, nalo ni kwamba kuungua kifua si ushahidi kuwa kola imeachia. Wengi wanaorudia dawa baada ya upasuaji hupimwa wakakutwa tindikali haipandi kupita kiasi, na maumivu yao yanatokana na mishipa ya fahamu ya umio ambayo imekuwa na hisia kali, au na ugonjwa mwingine kabisa. Mtu kama huyo akipasuliwa tena, ataamka na kidonda kipya na maumivu yale yale. Maumivu ya kifua yakikujia ukipanda ngazi au ukitembea haraka, yakaisha ukipumzika, anza kwa kupimwa moyo.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga tarehe, nenda kwenye hospitali ile ya kwanza ukaombe nakala ya taarifa ya upasuaji, ile iliyoandikwa na daktari siku hiyo. Humo itaonekana kama kola ilizungushwa yote au nusu, tundu lilikuwa kubwa kiasi gani, lilishonwa vipi, na kama waliweka wavu wa kuliimarisha. Ni haki yako kuipata, na kwa bingwa atakayekupasua ni ramani. Omba pia ripoti ya kipimo cha kamera cha juzi, na umuulize aliyekipima kola iko wapi sasa, na kama alichukua vinyama vya kupeleka maabara. Kisha kuna picha za eksirei zinazopigwa huku unakunywa bariamu, uji mweupe mzito wenye ladha ya chokaa, ambazo huonyesha umio kwa urefu wake wote na mahali chakula kinapokwama. Kipimo cha tindikali hufanywa kwa waya mwembamba unaopitishwa puani na kubaki kwa saa 24, ukiwa na kifaa kidogo kiunoni, na kwa kawaida dawa ya omeprazoli husimamishwa siku 7 kabla, kwa maelekezo ya daktari. Kipo na kipimo cha nguvu ya umio katika kusukuma chakula, ambacho kwako ni cha lazima kwa sababu unakwama. Umio dhaifu ukivishwa kola ya mzunguko mzima, hali huwa mbaya zaidi. Vipimo hivi viwili vya mwisho havipo katika kila hospitali ya rufaa, kwa hiyo ulizia rufaa na malipo ya bima mapema.

Hapo kwenye kukwama nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo panaponitia wasiwasi kuliko pengine pote katika barua yako. Sababu iliyo karibu zaidi ni kola iliyosogea au kovu lililoubana umio. Hata hivyo, Kilimanjaro iko ndani ya ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio huonekana zaidi kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, na mtu wa huku anayekwamwa na chakula hastahili kuambiwa asubiri. Ndiyo maana nimetaja vinyama vya maabara. Kama havikuchukuliwa, rudi ukaulizie. Na ukianza kukwama hata uji, ukapungua uzito bila kukusudia, ukatapika damu au ukaona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chai yako ya maziwa pia iache ipoe kabla ya kuinywa, kwa kuwa mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hii.

Sasa usalama. Upasuaji wa kwanza huwapa nafuu takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Wa pili, katika mikono iliyozoea, ni takriban 8 kati ya 10 au pungufu ya hapo. Unachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa makovu yamegandisha tumbo, ini na kiwambo pamoja, na katika kuvitenganisha inawezekana tumbo au umio ukatoboka, au ikajeruhiwa mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo kusukuma chakula, hata chakula kikakaa humo kwa muda mrefu. Mengi ya haya hurekebishwa yakigunduliwa hapo hapo mezani, na hii ndiyo sababu ya kuchagua mtu kabla ya kuchagua tarehe. Muulize bingwa wako, kwa heshima na bila kuona haya, ni wangapi aliowafanyia upasuaji huu wa kurudia. Kama ni wachache, ataelewa ukimwomba rufaa, na bingwa mzuri huwa hakasiriki.

Ukishindwa wa pili, wa tatu huwa mgumu zaidi na matumaini yake ni madogo, ndiyo maana nasisitiza huu uwe wa mwisho. Kwa wenye uzito mkubwa ipo njia nyingine: badala ya kushona kola upya, tumbo hukatwa likabaki kifuko kidogo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo tindikali hupungua na uzito nao hushuka. Uliza kama inakufaa. Na ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba dawa inatosha kuituliza tindikali, kubaki na dawa ni uamuzi halali, wala usimruhusu mtu akuite mwoga.

Mume wako mchukue uende naye kwa bingwa. Hofu yake inatokana na mapenzi, na itapungua akisikia majibu kwa masikio yake.

Kwa sasa meza omeprazoli nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, si baada yake, maana wengi hukosea hapo. Kula cha jioni mapema, zipite saa 3 nzima kabla ya kulala, mtori usiwe na mafuta mengi, na mbege iache. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa mito mingi hukunja tumbo na kulikamua. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Jitahidi ushuke hata kilo chache kabla ya upasuaji.

Ukipasuliwa, wiki za mwanzo ni za uji mwepesi na mtori uliosagwa, bila soda, na marobota ya vitambaa yabebwe na mwingine kwa wiki 6. Cherehani utairudia mapema kuliko hapo. Tatizo lako kazini ni kuinama wakati wa kukata, kwa hiyo mwite seremala akuongezee miguu ya meza ifike usawa wa kiuno, na afanye hivyo wiki hii, kabla hata hujaenda kuonana na bingwa.