Usitangaze kipindi ambacho hujakirekodi

Orodha ya vipindi vijavyo vya podikasti ya historia ya Zanzibar haina kazi kuiandika: 12 Januari Mapinduzi, 7 Aprili kuuawa kwa Mzee Karume, 26 Aprili Muungano, 27 Agosti vita vya 1896, 10 Disemba uhuru wa 1963. Tatizo ni kwamba kalenda hiyo kila mtu anayo. Wiki ya 12 Januari msikilizaji keshajazwa hotuba na gwaride, na wewe unamjia wa mwisho.

Ratiba nzuri huanza na kinachozungumzwa barazani, historia ikaja nyuma yake. Chukua karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo habari ya karafuu ikawa habari ya Pemba. Ukikirusha kipindi hicho Aprili kwa sababu ndiyo kumbukumbu yake, kitapita kimya. Kirushe msimu wa kuchuma unapofunguka, watu wanapoulizana ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, itanunua kilo kwa bei gani na daraja la kwanza likoje, maana hapo kila aliyeanika karafuu uani ana sababu ya kusikiliza. Ila mahojiano ya Wete na Mkoani huko Pemba yamalize kabla ya msimu. Vuno likishaanza, mzee unayemtaka yuko shamba tangu alfajiri, na jioni amezungukwa na wajukuu wanachambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu.

Beit al-Ajaib ni hivyo hivyo. Ni jengo la Sultani Sayyid Barghash la 1883 pale Mji Mkongwe, sehemu yake ikaporomoka 25 Disemba 2020. Wiki yoyote ambayo ukarabati wake uko midomoni mwa watu ndiyo wiki yake.

Tangaza kipindi pale tu faili lake limeshahaririwa. Juu ya hapo weka akiba ya vipindi viwili vya historia tupu, kwa sababu cha matukio ya sasa hulala kikawa kiporo: taarifa rasmi ikitoka Jumatano, ulichorekodi Jumatatu hakiliki tena. Hapo unachomoa cha akiba na ratiba haikatiki. Ramadhani nayo huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Mwezi huo rekodi asubuhi au baada ya tarawehe. Alasiri mwache mtu apumzike. Masika, nyumba ya mabati isahau kabisa.

Kwenye tarehe ndipo wengi wanapoanguka. Kwa wazee wengi siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Jumapili" wa mzee unaweza kuwa ule ambao kijana anauita Jumamosi usiku. Mapinduzi yalianza usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964. Usipouliza, utayasogeza siku nzima. Muulize: kulipokucha ilikuwa siku gani? Saa nazo zibadilishe mwenyewe kabla ya kusoma. Muda wa mwisho ambao Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, mwaka 1896 umeandikwa saa 9 katika nyaraka zao, nayo ni saa 3 asubuhi kwa saa zetu. Muda wa vita vyenyewe vitabu havikubaliani, vingi vinataja kati ya dakika 38 na 45. Sema hivyo hivyo, usijifanye ulikuwa na saa mkononi.

Takwimu za siasa zisome polepole, kisha zirudie. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 kati ya 31. ZNP (Hizbu) na mshirika wake ZPPP kwa pamoja wakachukua 18. Ukiipitisha mbio, aliye kwenye daladala atashika nusu yake, na huenda ikawa ile nusu inayomuudhi. Waliouawa 1964 usiwachagulie namba moja: makadirio yanapishana sana, kwa hiyo kila namba itaje na aliyeitoa. Ukifungua magazeti ya zamani, Mwongozi lilikuwa upande wa Hizbu na Afrika Kwetu upande wa Afro-Shirazi. Ukisoma moja tu umeshachagua upande, hata kama hujijui.

Kabla ya kubonyeza kitufe, kubalianeni na mgeni kipi kisemwe na kipi kibaki ndani, na ridhaa yake irekodiwe kwa sauti yake. Jirani aliyetajwa kwa ubaya, kata jina lake, hata kama keshafariki. Watoto wake wako mtaa huohuo, na hili kwa maoni yetu halina mjadala.

Vyumba vya Mji Mkongwe vina kuta nene zinazozuia kelele za nje, lakini chumba kitupu kinarudisha mwangwi: tandika zulia, ning'iniza mablanketi nyuma ya mgeni. Zima feni na friji. Simamisha rekodi dakika chache kabla ya adhana na uache kama dakika 10, maana misikiti haianzi pamoja. Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, isipigwe na pumzi. Sauti ichezee karibu na -12 dB; ikigonga sifuri imepasuka na hakuna programu ya kuirudisha sawasawa. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa chumba, zitakusaidia kuziba ulipokata. Saa moja ya WAV ya mono, 44.1 kHz na biti 16, ni karibu MB 317. Nakili sehemu mbili kabla hujaondoka hapo. Cha kusambaza kitoe MP3 ya mono, kbps 64: dakika 40 zinakuwa MB 19 hivi, na aliyenunua bando dogo hatakuepuka.

Tangazo la kipindi kijacho lisizidi dakika moja, na sauti ya kwanza iwe ya mgeni. Taja siku na saa ya Kiswahili. Ratiba ikibadilika, toa jipya siku hiyohiyo ukianza na maneno "tarehe imebadilika", maana la zamani limeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp na huwezi kulitoa.