Usiuze mtamba bado

Mdogo wangu wa Ngaramtoni, umeuliza kama uuze mtamba ununue sarafu mpya ya kidijitali uliyoletewa na rafiki, inayoahidi faida ya asilimia 2 kila siku. Kwanza piga hesabu. Asilimia 2 kwa siku ikijilimbikiza, laki moja yako baada ya mwaka ni zaidi ya milioni 137. Mwenye mashine ya namna hiyo anakufuata wewe na mtamba wako wa nini?

Unasema rafiki ametoa elfu hamsini na ikaingia kwenye simu. Hapo ndipo wengi tunanasa. DECI, ule mchezo wa upatu wa Tanzania, nao walilipa wa mwanzo kwa hela za waliofuata, mpaka ikafungwa 2009.

Nenda kaangalie jambo moja: kuuza. Mwaka 2021 ilitoka tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, iitwayo Squid. Watu walinunua, bei ikapaa hadi dola 2,800 na ushee, lakini wanunuzi walishindwa kuuza. Waanzilishi wakatoweka na fedha. Mwombe rafiki anwani ya tokeni yake, yaani namba inayoitambulisha, uitazame kwenye kumbukumbu za wazi za blokucheni, lile daftari la mtandaoni la miamala: nani wameshika nyingi? Kama ni pochi (akaunti za kuwekea sarafu) mbili tatu, wakiuza tu umebaki na namba kwenye kioo. Akikosa hata hiyo anwani, yaelekea hakuna sarafu, kuna kundi la WhatsApp tu.

Na yale maneno ya siri ya kufungulia pochi yako, mara nyingi 12, usimpe mtu, hata shemeji. Huyo rafiki muulize pia analipwa shilingi ngapi kwa kukuingiza.