Cha pili cha nani?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama michezo ya mezani ya kuigiza wahusika inahitaji vitabu vya msingi vya ziada, juu ya vile vya kwanza. Nasema haihitaji, isipokuwa katika hali moja nitakayoifikia. Nasema hivyo nikiwa Kibirizi, Kigoma, ambako kundi letu hukutana siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki, mitumbwi inalala ufukweni, na wawili kati yetu ni wavuvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi 3 samaki wapate kuzaliana, tulicheza mpaka majumbani wakaanza kutuuliza maswali.

Kwa asiyeujua mchezo, na wetu ni Dungeons & Dragons: mmoja wenu ni msimulizi. Anawaambia mmefika kwenye pango, mlangoni kumesimama jitu. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Kitabu cha kanuni ndicho kinachosema mhusika huyo anaweza nini na hawezi nini. (Dadu za pande 20 huku kwetu ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tunachota vizibo vya soda vilivyoandikwa namba. Msitucheke. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wachapishaji wa mchezo huu wenyewe walipungukiwa dadu, wakawa wanatia vipande vya karatasi ngumu vyenye namba ndani ya boksi.)

Katika kundi letu kuna mwalimu wa sekondari anayesoma kuliko sisi wote. Usiku mmoja tumebanwa darajani, maadui mbele na nyuma, mwalimu akatangaza kuwa mhusika wake, ambaye ni fundi, anatoa kimzinga kidogo chenye miguu, kinatembea chenyewe na kutema moto.

“Mwalimu, hilo liko wapi?” msimulizi akauliza.

“Kwenye kitabu cha pili.”

“Cha pili cha nani?”

Kilikuwa kwenye simu yake. Akaanza kutafuta ukurasa, akipandisha na kushusha kwa kidole, huku chaji ikiwa imebaki asilimia 3. Simu ikazima kabla hajaufikia. Hakuna aliyemwita mwongo, mwalimu ni mtu wa heshima. Ila tangu usiku huo kila akitaja uwezo mpya, jirani yake anakohoa kwanza.

Kanuni inayojulikana na mtu mmoja tu pale mezani inamfanya awe mchezaji na refa kwa pamoja, hata kama hana nia mbaya. Sisi tunatumia kanuni za msingi ambazo Wizards of the Coast, kampuni inayouchapa mchezo huu siku hizi, ilizitoa bure mtandaoni kuanzia mwaka 2014. Tulizichapa steshenari, zikafungwa kwa spairo, na sasa zina mafuta ya mgebuka kila kona. Aina za wahusika humo ni 4 tu: kuhani, mpiganaji, mwizi na mchawi. Dada wa duka la dawa, ambaye ni mchawi wetu, hajawahi kuzifungua kurasa zile, lakini anazijua zote kwa kuzisikia zikibishaniwa. Kitabu kikishafika hapo, kwamba hata asiyekisoma anakijua, mimi nakiita cha msingi. Cha mwalimu hakijafika, hata kampuni ikichapa neno hilo juu ya jalada kwa wino wa dhahabu.

Najua nitajibiwa kwamba mchezo wenyewe umekuzwa na viongezo. Ni kweli. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, ulikuwa vijitabu 3 ndani ya boksi, na mwishoni walimhimiza msomaji aamue mambo mwenyewe badala ya kusubiri wao wamfikirie. Mwaka uliofuata msomaji huyo akauziwa kiongezo, Greyhawk! Na ndimo alimoingia yule mwizi, ambaye leo hakuna anayetaka kucheza bila yeye. Sikatai kitu kizuri kuja baadaye. Lakini aliyekuwa na kiongezo alijua ana kiongezo, na ambaye hakuwa nacho hakuhesabiwa kuwa amepungukiwa.

Ile hali moja ilitokea mwaka 2008, toleo la 4 lilipotoka. Kitabu cha kwanza cha wachezaji kilikuja bila aina hizi za wahusika: mshenzi wa vitani, mwimbaji, druidi (kuhani wa msituni) na mtawa, na wote hao walikuwemo kwenye kitabu cha kwanza cha toleo lililotangulia. Watatu wa mwanzo wakarudi mwaka 2009 kwenye kitabu kilichoitwa Player's Handbook 2. Mtawa akasubiri cha tatu, mwaka 2010. Mtu aliyempenda mtawa wake alikihitaji kitabu hicho, sina ubishi. Ila ukiuziwa mtumbwi usio na kafi, humshukuru muuzaji anapokuletea kafi baada ya miaka 2 na bei yake mkononi. Toleo lililofuata, la 2014, liliacha kuhesabu namna hiyo. Viongezo vyake vya kanuni vya mwaka 2017 na 2020 vilipewa majina yao, na kwa miaka kadhaa michezo rasmi ya kampuni iliruhusu mhusika mmoja kutumia kitabu cha wachezaji na kingine kimoja tu. Waliovichapa nao waliona kuna mahali pa kuweka kikomo.

Bei sitaisemea sana. Kitabu cha wachezaji cha 2014 kilitoka kwa dola 49.95, na vya msingi vilikuwa 3. Pigeni hesabu, mseme nani hapa Kibirizi ataongeza cha 4.

Vitabu vya ziada vya majitu navitoa katika lawama hii, maana mchezaji hatakiwi kuyajua majitu kabla hayajamrukia. Msimulizi akiwa navyo 10, heri yake. Wetu hana hata kimoja na hatujaona pengo: alichukua namba za mamba wa kawaida, akampa shingo ndefu na sauti ya mtoto anayelia chini ya mtumbwi, na wale wavuvi wawili wakaomba tuahirishe mpaka kesho yake.

Kinachotusaidia ni kaunta buku la kwaya 3. Pakitokea jambo ambalo kurasa za spairo hazikulisema, tunabishana, tunakata shauri, dada wa dawa anaandika kwa sababu mwandiko wake ndio unaosomeka. Kimzinga cha mwalimu kimo humo: mara moja kwa siku, mpaka apumzike. Sasa mwalimu anataka tuchange tununue kitabu kizima. Tumemwambia atoe kopi ya ukurasa mmoja anaoutaka, ausome kwa sauti mbele ya wote, tupige kura. Mpaka naandika barua hii bado anachagua ukurasa.

Msomaji wenu,
Kibirizi, Kigoma